Mama Uyoga Anajibu: Maji ya Jibini na Mifuko 13,500

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu kwamba reishi wangu, ule uyoga mgumu na mchungu unaosifiwa kwa dawa, unakunywa maji ya jibini, yale yanayobaki maziwa yakishagandishwa. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko kurasa zote nilizowahi kujaza kuhusu mabua na pumba. Nimechagua nne. Waliotaka kujua kama mimi mwenyewe naunywa huo uyoga, jibu liko kwenye barua ya tatu, kwa Mzee.

*Shikamoo Mama Uyoga. Mimi na mke wangu tunatengeneza jibini, lita 100 za maziwa kwa siku. Maji yanayobaki tunayamwaga, na jirani ameanza kulalamikia harufu. Nikiyachanganya na vumbi la mbao nikaotesha reishi, si nitakuwa nimeondokana na harufu na nimepata dawa ya kuuza?*
— Mwenye Jibini

Marahaba, mwanangu. Lete kalamu, tupige hesabu kabla hujanunua mfuko hata mmoja.

Lita 100 za maziwa zinakupa kama kilo 10 za jibini na lita 90 za maji. Yanaonekana mepesi maji yale, ya kijani-manjano, mtu akidhani ni suuza tu. Lakini kila lita ina gramu 45 hadi 50 za sukari ya maziwa, yaani laktosi, na gramu 6 hadi 9 za protini, achilia mbali madini. Kwa hiyo kila siku unamimina mtaroni zaidi ya kilo 4 za sukari. Harufu anayolalamikia jirani yako ni ya vijidudu walioandaliwa karamu bila kualikwa. Wanaojenga mitambo ya majitaka hupima uchafu kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu huhitaji ili kuumaliza. Lita moja ya maji ya jibini hudai gramu 30 hadi 50. Lita ya majitaka ya kawaida ya nyumbani haifiki hata nusu gramu. Mtu mmoja hukadiriwa gramu 60 kwa siku. Gawanya mwenyewe: nyinyi wawili mnamwaga uchafu wa watu kati ya 45 na 75. Jirani ana haki yake.

Sasa geukia upande wa uyoga. Mfuko wa vumbi la mbao wa kilo 2, wenye unyevu wa asilimia 62 hivi, umebeba maji lita moja na robo. Katika hayo mimi siruhusu zaidi ya nusu yawe ya jibini. Basi kila mfuko utameza lita 0.6. Lita zako 90 zinataka mifuko 150, na kesho kuna lita 90 nyingine. Reishi nao si mamama, ule uyoga laini wa mboga, wa kuvunwa baada ya wiki chache; tangu kupanda mbegu hadi kuvuna hesabu miezi mitatu, na mara nyingi huzidi. Siku 90 mara mifuko 150 ni mifuko 13,500 imesimama bandani kwa wakati mmoja. Una banda hilo?

Kwa hiyo usiulize uyoga utamaliza maji mangapi. Uliza uyoga wako unahitaji mangapi, uchote hayo, na uyachote kama chakula. Yanayobaki wape ndama au nguruwe yakiwa mabichi, kidogokidogo, wala usiyasubirishe.

Neno "mabichi" nimelilipia ada. Mara yangu ya kwanza, wakati huo bado nikifanya kazi kwenye maabara ya maziwa, nilibeba ndoo mbili za maji ya jana yake. Yalikuwa yameshaanza kunukia uchachu, nikajiambia si yataenda kwenye mvuke, yote yatakufa humo. Nilijaza mifuko 40, nikaipika kwenye pipa la mvuke kama nilivyozoea kwa mabua. Wiki ya pili mifuko 31 ilikuwa ya kijani kama shamba la mpunga. Ule ni ukungu wa Trichoderma, na kwake mfuko wenye unyevu, sukari na protini ni nyumba iliyopangwa vitanda. Tisa iliyopona ilikuwa ya pembezoni, ambayo nilipungukiwa maji ya jibini nikaijazia ya bomba. Daftari bado ninalo, na ukurasa ule una doa.

Kosa halikuwa moja. Maji ya jibini hutoka kwenye beseni yakiwa ya uvuguvugu, na ndani yake wamo bakteria wale wale uliowatia wewe mwenyewe kuchachusha maziwa. Hawajui kwamba kazi imekwisha. Kila saa wanaigeuza laktosi kuwa asidi, na wageni nao wanaingia. Nilichopika mimi hakikuwa tena maji ya jibini bali mchuzi uliokwishaliwa na wengine. Pili, protini zote niliziacha humo. Tatu, niliamini pipa. Pipa linatosha kwa mabua ya mamama. Kwa mfuko uliotiwa sukari ya maziwa mimi silitumii tena: natumia jiko la presha, nyuzi joto 121 za Selsiasi, kwa saa mbili na nusu.

Siku hizi nafanya hivi. Nachota maji mara tu mgando unapokatwa na kuchujwa, kabla ya chumvi. Hili la chumvi lizingatie, maana kuna jibini ambazo mgando wake hutiwa chumvi kwanza ndipo ukandamizwe, na maji yanayotiririka kwenye kikandamizi hufaa kidogo sana kwa kiumbe chochote. Ndani ya saa moja yanakuwa jikoni, nayapasha hadi nyuzi joto 85 au 90, kisha nakamulia limau polepole nikikoroga mara moja tu. Utaona vipande vyeupe vinapanda juu kama mawingu. Nazima moto, naacha vitulie, nachuja kwa kitambaa. Vile vyeupe ndivyo Waitalia huviita ricotta. Usiwape uyoga, kula wewe. Uyoga unataka nitrojeni kidogo tu, na ile ziada ndiyo hualika ukungu na bakteria.

Mtaniuliza kwa nini limau, siki ina kosa gani. Siki huzuia ukungu, ndiyo maana achari haivundi, na uyoga ni ndugu wa damu wa ukungu. Kinachomzuia mmoja hakimwachi mwenzake.

Maji yaliyochujwa nayaongezea maji safi kiasi hichohicho, natia jasi kiganja, na pumba napunguza: badala ya asilimia 10 naweka 5. Ukikamua vumbi la mbao mkononi matone mawili matatu yatoke, yasitiririke. Hapo ufunge mfuko.

Anza na mifuko kumi, mwanangu. Kumi ya maji ya jibini na kumi ya maji matupu, mbegu ileile, siku ileile. Usiponiandikia matokeo nitakuja mwenyewe.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi. Nimeotesha nyuzi za reishi, yaani ule utando wa uyoga kabla haujachipuka, ndani ya chupa mbili. Ya maji ya asali imejaa nyuzi kwa siku 7. Ya maji ya jibini yaliyochujwa, siku ya 12 leo, ina vidonge vichache tu kama punje za mtama, na maji yamekuwa ya rangi ya chai. Mbegu ni moja. Nimekosea wapi?*
— Mwanafunzi Mwenye Haraka

Marahaba. Hujakosea sana, na kulinganisha kwako kumenifurahisha.

Asali ni glukosi na fruktosi, sukari zilizokwishavunjwa: uzi wa uyoga unameza tu. Laktosi ni glukosi na galaktosi zilizofungwa pamoja, na fundo hilo halifunguki bila kimeng'enya cha laktesi. Reishi huishi kwenye magogo. Babu zake walivunja ukuta wa mti vizazi na vizazi, wala hawakuwahi kukutana na ng'ombe. Aina nyingine za uyoga, na hata mbegu mbili za aina moja kutoka kwa wauzaji wawili, hutofautiana: huyu anakitengeneza kimeng'enya hicho taratibu akishaona laktosi imemzunguka, yule anakula yale mabaki ya protini na madini halafu anakaa. Kwa hiyo siku 12 zako zinaweza kuwa ni reishi anajifunza lugha. Mwachie wiki moja zaidi. Ukipata chupa iliyojaa, toa humo mbegu ya chupa inayofuata. Mimi nimefanya hivyo mara tano mfululizo na ya tano ilijaa mapema kuliko ya kwanza.

Ukitaka njia ya mkato, yapo matone ya laktesi wanayotumia watu wanaosumbuliwa na maziwa. Lakini fuata mpangilio. Chemsha maji ya jibini kwanza kuwaua bakteria, yapoe, ndipo utie matone, uyaache kwenye jokofu saa 24, halafu uendelee na habari ya kupasha na limau. Ukianza na limau utakuwa umeyafanya machachu, na matone ya namna hiyo hupenda maziwa yasiyochachuka, pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka uchachu huzidi) ya 6.5 hivi. Kwa sababu hiyohiyo maji yanayotoka kwenye mtindi uliokamuliwa, ambayo pH yake huwa karibu 4.5, hayafai kwa matone haya. Utajuaje yamefanya kazi? Onja. Laktosi haina utamu wa maana. Ikishavunjika maji yanakuwa matamu waziwazi. Hiki ni kipimo cha bure na mimi nakiamini.

Rangi ya chai ni kosa la moto. Sukari ya maziwa na mabaki ya protini vikipikwa pamoja kwa muda mrefu hugeuka kahawia, ndivyo maziwa yaliyochemshwa mno yanavyobadilika, na nyuzi hazipendi mchuzi huo. Chupa ya nusu lita inatosha dakika 15 hadi 20 kwa nyuzi joto 121. Nina hakika wewe uliiacha saa nzima "kwa usalama".

Na la mwisho, umejaza chupa hadi wapi? Kama imevuka nusu, uyoga wako unakosa pumzi. Jaza theluthi moja, mfuniko uwe na tundu lenye pamba au chujio, weka mahali penye nyuzi joto 25 hadi 28, tikisa asubuhi na jioni. Usipotikisa utapata utando juu kama ngozi ya uji, ambao nao si mbaya, ila hautakupa mbegu ya kugawa.

*Mwanangu Mama Uyoga, nina miaka 71. Nina shinikizo la damu na nimewekwa kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu moyo ulipoanza kurukaruka. Mjukuu wangu ananiletea maji ya uyoga wa reishi ulioteshwa kwenye maji ya jibini, anasema ni dawa ya moyo, ini na saratani. Nayanywa glasi moja kila asubuhi. Ni kweli yanatibu?*
— Mzee Msomaji wa Siku Nyingi

Shikamoo Mzee. Naomba kesho asubuhi usiinywe ile glasi, na uende kwa daktari aliyekuandikia warfarin ukamwambie unakunywa reishi, tangu lini na kiasi gani. Reishi unaweza kuongeza wepesi wa damu kutoka, na warfarin nayo kazi yake ni hiyohiyo. Unaweza pia kushusha shinikizo juu ya dawa zako za shinikizo. Daktari atataka kupima damu. Mweleze pia ukiona ufizi unatoka damu au michubuko unayoikuta mwilini bila kujua umegonga wapi; na ukiona damu kwenye mkojo au choo kikiwa cheusi, usingoje hiyo kesho.

Sasa nikujibu ulichouliza, maana hukuniuliza kuhusu warfarin.

Zipo dawa halisi zilizotoka kwenye uyoga. Japani iliidhinisha mwaka 1977 dawa iitwayo Krestin, iliyotokana na nyuzi za uyoga uitwao Trametes versicolor, na mwaka 1985 lentinani, inayotoka kwenye shitake. Zote mbili zilitumiwa pamoja na matibabu ya saratani, hazikuyaondoa. Lentinani ilidungwa kwa sindano. Zilikuwa zimesafishwa, zimepimwa, kila kipimo sawa na kile cha jana. Glasi ya mjukuu haina sifa hiyo hata moja: leo chupa imejaa nyuzi, kesho nusu yake, na hakuna anayejua kilichomo.

Kuhusu reishi yenyewe na saratani, watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua majaribio ya tiba, walikusanya mwaka 2016 majaribio waliyoyaona yanafaa. Yalikuwa 5, ya wagonjwa 373. Hawakuona ushahidi wa kutosha kuufanya uyoga huu tiba ya kwanza. Walisema unaweza kufikiriwa kuwa msaidizi kando ya matibabu ya kawaida, kwa kuangalia faida na hatari. Na kuhusu ini, Mzee, wapo wagonjwa walioripotiwa kuumia ini baada ya kutumia unga wake. Kwa hiyo dawa ya ini sitaiita.

Kuna jambo jingine la huu wa chupa. Uchungu wa reishi, ule unaokunja uso, unatokana na kemikali ziitwazo triterpeni, na hizo hupatikana zaidi kwenye uyoga wenyewe uliochipuka na kukomaa kuliko kwenye nyuzi changa zilizoelea kwenye maji siku kumi. Viungo vingine vinavyosifiwa, beta-glukani, ambavyo ni minyororo ya sukari, vimejengwa ndani ya kuta za nyuzi na havitoki kwa kuloweka, vinahitaji maji ya moto kwa muda mrefu. Kama maji ya mjukuu ni matamu-matamu na hayana uchungu, basi sehemu kubwa unayokunywa ni laktosi iliyobaki. Tumbo likikunguruma baada ya kunywa, usidhani ni dawa inafanya kazi.

Nimwambie na mjukuu, asinikasirikie: akimpa mtu mwingine glasi hiyo, kwanza amuulize kama maziwa humdhuru. Mwenye mzio wa protini za maziwa anaweza kudhurika na mabaki yaliyopita kwenye kitambaa, hata kama yameoteshewa uyoga wa aina gani. Neno "maziwa" liandikwe kwenye chupa, kwa herufi kubwa. Na jina "reishi" pia alitaje kwa tahadhari. Ganoderma lucidum ilielezwa huko Uingereza mwaka 1781, na kwa muda mrefu uyoga wa dawa wa Asia ya Mashariki ukaitwa kwa jina hilo, hadi mwaka 2012 ulipopewa la kwake, Ganoderma lingzhi. Wauza mbegu wengi bado hubandika jina la zamani. Ndiyo maana mtu akinisomea utafiti wa "lucidum" huwa namuuliza ni ipi.

Mimi naunywa? Naukata vipande uyoga mkavu, nauchemsha, nanywa kikombe siku za baridi kwa kuwa naupenda uchungu wake. Sina dawa nyingine ninayotumia. Ningekuwa na ya moyo, nisingeugusa bila kuuliza.

*Habari Dada. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Tuna vitu viwili vya bure: maji ya kuoshea sakafu na matangi, na tope jeupe linaloelea kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Vyote vina maziwa ndani. Naweza kuoteshea uyoga wa dawa?*
— Kaka wa Zamu ya Usiku

Nzuri, kaka. Hapana, na hapana.

Maji ya kuoshea yamebeba magadi makali ya kusafishia mabomba, kisha asidi ya naitriki inayoyafuata, na dawa ya kuua vijidudu kumalizia. Maziwa yamo ndiyo, kama vile samaki alivyo kwenye maji ya kuoshea sufuria yake. Leo pH itakuwa 12, usiku 2. Hilo tope ni baya zaidi, kwa kuwa limekusanya mafuta, dawa za kugandishia na chochote kilichopita kwenye mtaro. Uyoga una tabia ya kufyonza metali nzito, kadimiamu na zebaki zikiwamo, na kuzirundika mwilini. Kwa mbolea ya miti wataalamu wanaweza kulipima na kuliruhusu. Kwa kitu atakachochemsha mgonjwa akanywa, usijaribu.

Lakini wewe una bahati ambayo wengine walioniandikia hawana: uko ndani. Chumba cha jibini kina beseni, na beseni lina bomba la kutolea maji. Muombe msimamizi wake, kwa ruhusa ya wakubwa, akukingie lita tano pale pale bombani, mgando ukishakatwa, kabla ya chumvi na kabla sabuni haijafunguliwa. Nenda na chombo cha kwako chenye mfuniko, kilichosuuzwa kwa maji ya moto, na uulize mgando wa beseni hilo hukatwa saa ngapi. Zamu yako ni ya usiku; kama wanakata alfajiri, utaondoka nayo yakiwa bado ya moto.